Mngurumo wa Nyumba ya Pampu

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, walio hai na watakaozaliwa, ya kwamba siku ile Haki ilijifunga kibwebwe, ikashuka duniani, ikamchagua mtu mmoja tu katika shule nzima ya bweni awe jicho lake na sikio lake. Mtu huyo ndiye Mpelelezi Mkuu. Wakati Haki inamchagua, alikuwa kwenye foleni ya maji, ndoo kaivaa kichwani kama kofia, povu la sabuni limemkaukia shingoni. Kura iliyopigwa ilikuwa moja, na ilikuwa yake.

Lakini kesi yenyewe haikuwa ya mzaha. Pampu ya kisima kirefu ilikuwa imekufa, na bweni lilinuka kama soksi moja kubwa. Mhudumu wa pampu, mtu mpole ambaye hata kuku hajawahi kumfokea, alikuwa ameambiwa afunge virago. Mhudumu huyo alikuwa mjomba wa Mpelelezi, kaka wa mama yake, toka nitoke. Ndiye aliyempigia magoti kila mwenye ofisi mpaka mpwa wake akapata nafasi katika shule ile.

Aliyemfukuza ni makamu mkuu wa shule. Wanafunzi walimwita Bwana Nukta, kwa sababu kila akitoa hukumu aliifunga kwa neno hilo, kama mtu anayegonga muhuri.

"Umeacha mota ikauke oili," alimwambia Mjomba mbele ya foleni yote. "Mashine imeungua. Bodi inakaa leo alasiri, itabariki, na wewe utaondoka. Nukta."

Mjomba alifuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akarudi zake kwenye nyumba ya pampu. Hapo ndipo Mpelelezi alipoivua ndoo kichwani.

*

Nyumba ya pampu ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya mabafu ya wavulana. Katikati ilisimama mota ya wima, nene kama pipa, imekaa juu ya mdomo wa kisima. Kifuniko chake cha juu kilikuwa kimefunguliwa. Mjomba alikuwa anapanga spana zake ndani ya mfuko, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, kama mtu anayewaaga watoto kabla ya safari.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Huna kipindi saa hizi?"

"Nina kazi ya upelelezi."

"Una kipindi cha Jiografia."

"Milima haikimbii, Mjomba. Itakuwa pale pale hata wiki ijayo. Ushahidi ndio unaokimbia."

Mjomba alitikisa kichwa, lakini akamsogezea kigoda. Mpelelezi hakukaa. Wapelelezi hawakai, na pia kigoda kilikuwa na grisi.

"Mara ya mwisho kuweka oili ni lini?"

"Asubuhi ile ile ilipokufa. Niliangalia kile kioo kidogo ubavuni, ilikuwa imejaa."

"Nani alikuona?"

"Nani anasimama kumtazama mtu anaweka oili, mpwa wangu? Ningekuwa nakaanga nyama ningekuwa na mashahidi mia."

"Na Bwana Nu... na Makamu aliikuta vipi?"

"Kavu. Alichungulia na tochi, akasema kavu kama jangwa. Na kweli ilikuwa kavu. Mimi mwenyewe sielewi."

Mpelelezi alipiga magoti. Aliikagua sakafu kwa mpango, akianzia mlangoni na kuuzunguka ukuta, huku akijisemea "mhm" kila baada ya hatua, maana mtu akisema "mhm" mara nyingi huonekana anajua kitu. Chini ya mota, upande usiopata mwanga, alikuta kidimbwi cheusi kimeganda. Alichovya kidole, akasugua kwa dole gumba.

"Mjomba, hebu shika hapa."

"Oili chafu hiyo."

"Chafu ya nini? Sugua. Inakwaruza."

Mjomba akasugua, kisha akapeleka kidole kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya weusi ule kulikuwa na vitu vidogo vinavyometameta.

"Unga wa chuma," alisema polepole.

"Sasa nisikilize vizuri. Kama chombo cha oili kilikuwa kikavu kabla ya beringi kusagika, huu unga wa chuma umelowana na nini? Na machozi yako? Oili ilikuwemo. Beringi ikajisaga ndani ya oili, vipande vikakata mpira unaozuia oili isitoke, ikavuja yote na unga wake. Makamu alikuta kavu kwa sababu alikuja baada ya msiba. Ukavu wenyewe ni wa baadaye."

Mjomba alimtazama mpwa wake kana kwamba ameota pembe.

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Kwenye kidole."

Basi wakageukia marehemu mwenyewe. Beringi ilikuwa juu ya meza, imelazwa kwenye gazeti: pete mbili kubwa za chuma, moja ya kuingia ndani ya nyingine, na katikati yao gololi zilizokuwa nyeupe zamani na sasa zimekuwa za bluu iliyoungua. Kile kikapu cha shaba kinachozitenganisha gololi kilikuwa kimechanika kama karatasi. Mpelelezi aliigeuza pete ya nje mkononi. Njia iliyochongwa na gololi haikuwa katikati ya mfereji. Ilikuwa imepanda pembeni kabisa, ikautafuna ukingo mpaka ukawa na meno.

"Kwa nini zilipanda huku?"

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni kuwasha, kuzima, kuweka oili na kusikiliza. Ya ndani muulize fundi aliyeiweka. Tena haijamaliza hata wiki. Nilimwita mimi, baada ya ile ya zamani kuanza kuunguruma."

Mpelelezi alikohoa.

"Unajua, ilikuwa ajabu," Mjomba akaendelea. "Jioni tu. Mkimaliza kula, nikija kufunga mlango, nasikia uuuuu, kama ng'ombe kaingia kisimani. Wiki yenu ya mtihani ikanyamaza kabisa, halafu..."

"Tuseme ilichoka," Mpelelezi alisema haraka. "Vyuma navyo huchoka. Tusipoteze muda kwa marehemu wa zamani wakati tuna marehemu mpya mezani. Fundi anapatikana wapi?"

*

Karakana ya fundi ilikuwa barabarani, ng'ambo ya uzio wa shule, na uzio huo ulikuwa na tundu ambalo Mpelelezi alilifahamu kwa kina, kama msomi anavyofahamu maktaba. Fundi alikuwa mwanamke mnene wa mabega, penseli sikioni, sauti ya kuitia watu walio mbali. Mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Alikuwa ameinama ndani ya mashine ya kusaga nafaka, na kilichoonekana zaidi ni nusu yake ya nyuma.

"Mama, naomba kukuuliza maswali machache kuhusu kifo cha beringi."

Nusu ya mbele ikatokea, ikamtazama kuanzia viatu hadi povu la shingoni.

"Nani kakutuma, chipukizi?"

"Haki."

"Mwambie Haki aje mwenyewe, na avae viatu vigumu, humu kuna misumari."

Mpelelezi hakutetereka. "Beringi uliyoweka kwenye pampu ya shule ilikuwa feki?"

Mama Spana aliweka nyundo chini taratibu. Vijana wake wawili waliokuwa wanapiga tupa wakaacha kupiga.

"Rudia."

"Nilikuwa nauliza tu kama labda..."

"Nilikwenda kuinunua mimi mwenyewe kwa wakala, nikaifungua karatasi mimi mwenyewe, ilikuwa inang'aa kama jicho la mtoto mchanga. Feki! Wewe unajua hata kazi ya beringi ile?"

"Kuzungusha shafti."

"Ona sasa. Mota ndiyo inayozungusha. Njoo hapa."

Akamvuta kwa kola hadi kwenye benchi, na hapo Mpelelezi, ambaye alikuwa amekuja kumtia mtu hatiani, akajikuta anasahau kilichomleta. Mama Spana alisimamisha kipande cha bomba kwenye kiganja chake.

"Hii ndiyo shafti yenu. Inaning'inia kutoka juu ya mota mpaka chini gizani kwenye maji, ndefu kuliko jengo lenu la ghorofa. Sasa kuna beringi za aina mbili. Moja inamzuia huyu asiyumbe." Akalishika bomba kwa vidole kiunoni. "Hiyo ni kama mkono unaomshika mlevi ubavuni. Haubebi uzito wake, unamwongoza tu asiingie mtaroni. Umeelewa? Lakini nikiondoa kiganja hapa chini?"

Akaondoa. Bomba likateleza kati ya vidole, likaanguka juu ya mguu wa Mpelelezi.

"Nimeelewa," alisema Mpelelezi, machozi yakimlenga.

"Lazima kuwe na ya pili. Hiyo haishiki kiuno, hiyo imebeba. Ni kichwa kilichobeba ndoo. Uzito wote wa shafti unashuka juu yake, na yenyewe inaubeba huku inazunguka."

"Uzito wa shafti tu?"

Mama Spana alimwangalia upya. "Swali zuri. Sio tu. Pampu kule chini inasukuma maji yapande, sivyo? Ukisukuma gari kwa mbele, miguu yako inasukumwa wapi?"

"Nyuma."

"Basi maji yakipanda, shafti inasukumwa ishuke. Kadiri pampu inavyofanya kazi ndivyo inavyovutwa chini. Vyote hivyo vimekalia zile gololi. Pete ya ndani imeshika shafti, inakalia gololi. Gololi zinakalia pete ya nje. Pete ya nje imekalia mwili wa mota. Mota imekalia sakafu. Kila mmoja kabebwa na mwenzake."

"Na ikitokea kitu kikasukuma kwenda juu?"

"Hapo hiyo beringi haina habari. Inabeba upande mmoja tu. Umeona mtu akabeba ndoo kwa kisigino?"

Mpelelezi alinyamaza. Kama kuna mtu aliyewahi kumwona akinyamaza muda mrefu kiasi kile, hajajitokeza. Alikuwa anafikiria ile njia iliyopanda pembeni, na ule ukingo uliotafunwa.

"Mama, kama inabeba upande mmoja tu, ulijuaje upande wa kuiweka?"

"Maandishi juu."

"Samahani?"

Mama Spana aliwageukia vijana wake. "Nyie! Beringi inawekwaje?"

"Maandishi juu!" vijana wakaitikia kama kwaya.

"Baba yangu ndiye aliyenifundisha kazi hii, na hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza. Beringi ni kama kaburi. Anayekuja baadaye asome ni nani amelala hapa. Ukificha maandishi chini, fundi mwenzako atabomoa nusu ya mashine kutafuta namba. Miaka yote hii sijawahi kulaza beringi kifudifudi."

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Nilimwachia mhudumu wenu wa pampu, ndani ya boksi la hii mpya. Sheria ya pili ya baba: mwenye mashine apewe maiti yake, asije akasema sikubadilisha kitu."

"Uliikagua?"

"Ya nini? Mwenye mashine kasema inaunguruma. Ingawa siku hiyo nilipoiwasha haikusema neno. Nikasema labda imemwona fundi ikaogopa."

Mpelelezi alijua, na alijua vizuri, kwamba boksi lile lilikuwa heri libaki limefungwa. Mtu mwenye akili timamu angeshukuru, angepita kwenye tundu la uzio na kurudi kwenye milima ya Jiografia. Lakini udadisi ukishamwingia mtu ni kama mchanga ndani ya kiatu: hapumui mpaka avue. Alitaka kuziona pete mbili zikiwa pamoja. Alitaka kujua.

"Mama Spana," alisema, "naomba tuondoke wote. Na njoo na penseli."

*

Mjomba alilitoa boksi juu ya rafu. Beringi ya zamani ilitoka imefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Mpelelezi aliiweka mezani kando ya ile iliyoungua, akazitoa pete zote za nje, akazipanga sambamba. Mama Spana akainama upande mmoja, Mjomba upande wa pili. Kwa muda vichwa vitatu vilikaribia kugongana.

"Tazameni umbo," Mpelelezi alisema. "Pete hii si sawa pande zote. Upande huu ukingo ni mnene, umejikunja kwa ndani. Upande huu mwingine ni mwembamba, karibu uko wazi. Ni kama sufuria: kuna kitako, na kuna mdomo."

"Ndivyo zilivyo," alisema Mama Spana. "Kitako kinakaa chini, gololi zinakilalia."

"Kwenye hii ya zamani, maandishi yako upande gani?"

Mama Spana akaigeuza. "Mdomoni."

"Kwa hiyo ukiweka maandishi juu, mdomo uko juu, kitako chini. Sawasawa kabisa. Na njia ya gololi iko wapi?"

Mjomba alipitisha kucha ndani ya mfereji. "Hapa, kwenye mgongo wa kitako. Laini. Kama kioo."

"Sasa hii mpya. Kiwanda kingine, sivyo?"

"Wakala alisema vipimo ni vile vile. Nikapima mwenyewe, ni vile vile."

"Vipimo, ndiyo. Maandishi je?"

Mama Spana aliichukua ile pete iliyoungua. Akaisugua masizi kwa kidole gumba mpaka herufi zikatokea. Akaitazama. Akaigeuza, akaigeuza tena, kama mtu anayetafuta mlango wa pili wa nyumba aliyoizoea. Kisha akaitoa penseli sikioni na kuishika tu, bila kuandika chochote.

"Kitakoni," alisema.

"Hiki kiwanda huandika kitakoni. Wewe ukaweka maandishi juu, kitako kikawa juu, na mdomo ukawa chini. Sufuria kifudifudi. Gololi zikasukumwa chini zikakuta hakuna pa kukalia ila ule ukingo mwembamba. Zikaukwea, zikautafuna, zikaungua. Wala si oili, wala si usingizi wa mtu."

Mama Spana alikaa kwenye kigoda chenye grisi bila kukiangalia.

"Baba," alisema akiwa anatazama dari, "sheria yako imeniponza leo."

"Sheria gani hiyo?" sauti iliuliza kutoka mlangoni.

Bwana Nukta alikuwa amesimama pale, funguo zake zikining'inia kidoleni. "Mwalimu wa Jiografia ananiambia kuna dawati moja halina mtu. Nikajiuliza, katika shule hii, dawati likikosa mtu, mtu huyo ni nani? Sikuhitaji kujiuliza mara mbili."

Mpelelezi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kunyeshewa, aliamua kuoga kabisa. Alieleza yote tangu mwanzo. Alimchovya Makamu kidole kwenye kidimbwi, akamsugulisha unga wa chuma. Alichukua gololi moja nzima ya beringi ya zamani, akaiweka ndani ya pete iliyokaa sawa: ikatulia kwenye mgongo wa kitako. Akaigeuza pete, akaiweka gololi tena: ikateleza ukingoni, ikaanguka mezani, ikaviringika mpaka kwenye funguo za Makamu.

"Fundi?" Makamu aliuliza.

"Ni kweli, Mwalimu," Mama Spana alijibu. Alikuwa amesimama. "Kosa ni langu. Nitaweka beringi nyingine na nitainyoosha shafti kwa mikono yangu. Huyu mzee hana hatia yoyote."

Mjomba alivuta pumzi ndefu, ya kwanza siku ile. Alimtazama mpwa wake, na mdomo wake ukaanza kujikunja upande mmoja, jinsi unavyojikunja mdomo wa mtu mwenye aibu ya kucheka mbele ya wakubwa. Mpelelezi alinyoosha mgongo. Kama historia ingekuwa na adabu, ingeishia hapo.

Bwana Nukta hakuondoka. Alikuwa amechukua beringi ya zamani, ameirudishia pete na gololi zake moja baada ya nyingine kwa uvumilivu wa mwalimu wa hisabati, na sasa aliizungusha kwa kidole. Ilizunguka. Iliendelea kuzunguka, kimya, kama paka anayetembea juu ya zulia.

"Hii ndiyo ya zamani?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Iliyokuwa inaunguruma?"

Mama Spana aliipokea, akaiweka sikioni, akaizungusha. Nyusi zake zikakutana.

"Hii haijawahi kuunguruma tangu izaliwe," alisema, na alipomaliza kusema akatamani asingesema.

"Na kijana wetu hapa ameonyesha kwa ushahidi kwamba njia yake ni laini kama kioo. Ni kweli?"

"Ni... ni kweli, Mwalimu," alisema Mpelelezi.

"Basi beringi nzima ilitolewa kwenye mota nzima, kwa sababu mtu mmoja alisema inaunguruma." Makamu alimgeukia Mjomba, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nilikushtaki kwa uzembe. Nakuomba radhi, haukuwa uzembe. Ulitunga hadithi ili fundi apate kazi, na wewe upate chochote. Hilo Bodi hailimalizi kwa kufukuza. Hilo linakwenda polisi."

"Mwalimu, mimi niliisikia," alisema Mjomba.

"Ulisikia nini?"

"Iliunguruma. Wallahi niliisikia kwa masikio haya."

"Beringi nzima haiungurumi bure," Makamu alisema. "Nukta."

Ule mkunjo wa kicheko mdomoni mwa Mjomba ulikuwa umetoweka. Miaka yote aliyofanya kazi ya kusikiliza, na sasa hata yeye alianza kuyatilia shaka masikio yake: alilishika moja, akalivuta kidogo, kama mtu anayeangalia kama limebana vizuri.

Mama Spana ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa upole kabisa, kama fundi anayetafuta mahali palipolegea.

"Mzee wangu, ilikuwa inaunguruma saa ngapi?"

"Jioni. Watoto wakishakula."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Isipokuwa wiki ya mtihani."

"Wiki ya mtihani ikanyamaza?"

"Ikanyamaza kabisa. Mtihani ulipokwisha, ikaanza tena, tena kwa nguvu."

"Mimi nimezifungua mashine nyingi," alisema Mama Spana. "Sijakutana na inayoheshimu mtihani." Kisha akageuka, taratibu, mabega yale yote yakageuka pamoja naye. "Na wewe, Mpelelezi. Jioni ukishakula, huwa unakwenda wapi?"

Mpelelezi aliangalia mlango. Makamu alikuwa mlangoni. Aliangalia dirisha. Lilikuwa na nondo. Aliangalia meza, na hapo alizikuta pete zake mbili, alizozipanga kwa mkono wake mwenyewe, ushahidi mzuri usio na tundu hata moja la kupenyea. Angeweza kusema vyuma huchoka. Lakini Mjomba alikuwa bado ameshika sikio.

"Mpelelezi alikuwa..." alianza, kwa sauti ya heshima. "Mpelelezi Mkuu, katika jioni zinazohusika, alikuwa..."

Basi. Hakuna Mpelelezi Mkuu. Hajawahi kuwapo. Ni mimi. Nimejificha nyuma yake tangu mstari wa kwanza, kwa sababu ni rahisi kumsifu mtu asiyekuwa wewe, na ni rahisi zaidi kumwachia lawama.

"Ni mimi, Mwalimu," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naunguruma."

Nikawaeleza. Kuna bomba la zamani la kutolea maji yaliyozidi. Linaanza sakafuni chini ya mota, linapita ndani ya ukuta na kutokea nyuma ya mabafu, kwenye majani. Ukiweka mdomo pale ukapuliza kwa midomo iliyolegea, sauti inatokea huku kama jini limeumwa tumbo. Nilianza kwa kuwatisha kidato cha kwanza waliokuwa wanapita na ndoo. Halafu jioni moja nikamsikia Mjomba, ndani, akiiambia mashine, "Pole, pole, nini tena?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake nikarudi. Na kesho kutwa. Wiki ya mtihani nilikuwa nasoma, hata mimi nasoma. Sikujua kama ataita fundi. Alipomwita niliacha, nikadhani yamekwisha.

"Unaweza kuthibitisha?" Makamu aliuliza.

"Kuthibitisha kosa langu?"

"Umethibitisha la kila mtu leo. Thibitisha na lako. Nenda kapulize."

Nilitoka. Mama Spana alinipisha njia. Mjomba sikumwangalia. Nilizunguka nyuma ya mabafu, nikayatawanya majani, nikapiga magoti mbele ya lile bomba, chuma chenye kutu baridi. Nilivuta pumzi, nikapuliza. Uuuuu. Ilitoka vizuri kuliko siku zote, na sikuwahi kuichukia sauti kama hivyo. Nilipotua kuvuta pumzi, sauti ikanijia kupitia bomba, ndogo, ya mbali, kama inatoka kisimani.

"Ndiyo hiyo," Mjomba alikuwa anasema. "Ndiyo hiyo hiyo, Mwalimu. Si niliwaambia niliisikia?"

Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. Alirudia tena na tena, ndiyo hiyo, ndiyo hiyo, na kwa muda hakuwa amefika kwenye sehemu ile ya pili, ya kwamba aliyekuwa anapuliza ni mimi. Kisha akafika. Nilijua kwa sababu alinyamaza katikati ya neno.

Hakuna aliyeniambia niache. Nikaweka mdomo kwenye bomba, nikaendelea kupuliza.